Jinsi ya kumchagulia mwanafunzi mwenye mahitaji maalum kifaa kinachomfaa

SI ajabu kuzuru shule inayowahudumia wanafunzi wenye mahitaji maalum na kuonyeshwa kabati lililotiwa kufuli. Ndani yake mna mashine za breli ambazo vitufe vyake vimekwama, vifaa vya kusaidia kusikia visivyo na betri na tarakilishi ambazo hazijawahi kutolewa kwenye maboksi.

Hatua chache kutoka kabati hilo huwa ameketi mtoto ambaye vifaa hivyo vilinunuliwa kwa niaba yake. Angali anamsubiri jirani yake amalize kunakili ndipo amsomee yaliyoandikwa ubaoni.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa uhaba wa fedha. Ni kweli kwamba fedha hazitoshi, walakini kabati hilo linasimulia kisa kingine: fedha zilipatikana, zikatumika, na mtoto hakufaidi. Kosa lilifanyika mapema, pale kifaa kilipochaguliwa kabla ya mtoto kueleweka, kisha kikaletwa darasani bila maandalizi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuliepuka kosa hilo. Yanawalenga wazazi, walimu na wanachama wa bodi za shule, maadamu wao ndio wanaoidhinisha matumizi na ndio wanaoishi na matokeo yake.

Kifaa saidizi ni kipi?

Kifaa saidizi ni chombo chochote kinachomwezesha mtu mwenye ulemavu kutenda jambo ambalo bila chombo hicho lingemshinda au lingemchosha kupita kiasi. Ufafanuzi huu ni mpana. Unajumuisha tarakilishi inayosoma maandishi kwa sauti, lakini pia unajumuisha penseli iliyoviringishiwa kipande cha mpira wa baiskeli ili isiteleze mkononi.

Mwaka wa 2016, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha orodha ya vifaa 50 ambavyo liliyahimiza mataifa yavipe kipaumbele. Miongoni mwavyo ni miwani, mikongojo, fimbo nyeupe, viti vya magurudumu na programu za kusoma yaliyo kwenye skrini.

Miaka sita baadaye, mnamo 2022, shirika hilo pamoja na lile la watoto, UNICEF, yalitoa ripoti iliyokadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha aina hii. Takriban bilioni moja kati yao hawakipati. Katika baadhi ya mataifa maskini, wanaopata wanachohitaji ni asilimia 3 pekee.

Humu nchini, haki ya kupata vifaa hivi si hisani ya mtu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zinazomfaa, kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano, na kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mnamo 2008, na sheria ya 2003 kuhusu watu hao ilibadilishwa kwa sheria mpya mwaka wa 2025.

Hata hivyo, sheria haimwambii mwalimu wa Gredi ya 4 kule Lodwar ni kifaa kipi kitamfaa mtoto aliye mbele yake. Hapo panahitajika utaratibu.

Maswali manne kabla ya kununua

Katika miaka ya tisini, mtaalamu wa Marekani kwa jina Joy Zabala alipendekeza utaratibu ambao umeenea katika nchi nyingi. Kiini chake ni mambo manne yanayotazamwa kwa mpangilio: mwanafunzi, mazingira, kazi na kifaa. Siri iko katika mpangilio huo. Kifaa huja mwisho.

Kwanza, mwanafunzi. Anaweza kufanya nini bila msaada? Anatatizika wapi? Anapendelea nini na anaona haya kwa jambo gani? Jina la ulemavu halitoshi kujibu maswali haya. Watoto wawili wanaweza kuwa na mtindio wa ubongo, mmoja akawa hawezi kushika kalamu ilhali anazungumza vyema, na mwingine akawa anaandika polepole ilhali maneno hayamtoki. Kuwanunulia kifaa kimoja kwa kuwa cheti chao cha daktari kinafanana ni kuwadhulumu wote wawili.

Pili, mazingira. Je, shule ina umeme wa kutegemewa? Darasa lina wanafunzi wangapi? Paa ni la mabati linalovuma mvua ikinyesha? Njia ya kutoka nyumbani ni ya lami, mchanga au matope? Ni nani atakayemsaidia mtoto mwalimu wake akiwa hayupo?

Tatu, kazi. Hapa wengi huteleza kwa kutaja matarajio badala ya kazi. "Asome vizuri" ni matarajio. "Anakili sentensi tano kutoka ubaoni kabla ya kipindi kwisha" ni kazi, kwa sababu inaweza kupimwa. Kazi ikitajwa waziwazi, nusu ya vifaa vilivyokuwa vikifikiriwa huondoka vyenyewe kwenye orodha.

Nne ndipo kifaa. Kanuni ya busara ni kuanza na kile sahili kabisa kinachoweza kuikamilisha kazi hiyo. Si kwamba mtoto huyu astahili kidogo, bali chombo sahili hujifunzwa upesi, huharibika kwa nadra na hutengenezwa karibu. Kinyume chake ni kweli vilevile: kazi ikidai chombo cha hali ya juu, kumpa mtoto cha chini kwa kisingizio cha kubana matumizi ni kumnyima elimu.

Breli, maandishi makubwa au sauti?

Hebu tutazame uamuzi huu kwa wanafunzi wenye matatizo ya kuona, kwani ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa zaidi.

Neno kipofu huficha tofauti nyingi. Baadhi ya watoto wanaopelekwa katika shule za vipofu wana kiasi fulani cha uwezo wa kuona. Wapo ambao wangesoma maandishi ya kawaida iwapo wangepimwa macho na kupewa miwani. Kipimo cha macho, kwa hivyo, ndicho hatua ya kwanza kabla ya kifaa chochote kununuliwa.

Mwenye uoni hafifu anaweza kunufaika kwa mabadiliko yasiyogharimu pakubwa: kuketi karibu na ubao, mwanga wa dirisha kutokea ubavuni badala ya usoni, kitabu kuinuliwa kwa kibao cha mshazari ili asiinamishe shingo kutwa, mistari ya daftari kukolezwa kwa kalamu nyeusi, na maandishi kupanuliwa. Iwapo hayo hayatoshi, hufuata lenzi ya kukuzia maandishi na darubini ndogo ya kutazamia ubao.

Mwanafunzi mwenye ulemavu wa ngozi yumo katika kundi hili. Huyu, licha ya uoni hafifu, huumizwa na mwanga mkali. Dirisha linalomfaa mwenzake linaweza kuwa adhabu kwake, na kofia ya ukingo mpana ni kifaa saidizi kama lenzi ilivyo.

Ni lini basi breli ianze? Mwalimu na apime mambo matatu: kasi ya kusoma, umbali wa kitabu kutoka jichoni, na uchovu. Mtoto anayeweza kusoma aya moja ya herufi kubwa lakini akaumwa na kichwa baada ya dakika kumi hajawa msomaji wa maandishi. Vivyo hivyo, ambaye daktari ameeleza kuwa uwezo wake wa kuona unafifia apaswa kufunzwa breli mapema, angali anaona, ili siku giza litakapotanda asianze upya.

Breli ilibuniwa na Mfaransa Louis Braille mnamo miaka ya 1820. Herufi zake hutokana na nukta sita zinazopapaswa kwa ncha za vidole. Chombo cha bei nafuu zaidi cha kuiandikia ni kibao chenye vishimo pamoja na msumari wake, ambapo mwandishi hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto ili nukta zitokeze upande wa pili wa karatasi.

Mashine ya Perkins, ambayo ilianza kutengenezwa Marekani mnamo 1951, humwondolea mwanafunzi mzigo huo. Haihitaji umeme, na mtoto huweza kupapasa alichokiandika papo hapo. Kasoro zake ni uzito unaokaribia kilo tano, kelele zake darasani, na ukweli kwamba si kila fundi awezaye kuitengeneza.

Siku hizi vijana wengi huvutiwa na tarakilishi inayozungumza. Kuna programu ya kulipia iitwayo JAWS, na kuna NVDA, ambayo Waaustralia Michael Curran na James Teh walianza kuiunda mnamo 2006 na ambayo hutolewa bila malipo. Simu na vibao vya kidijitali vinavyotumia mfumo wa Android aghalabu huwa na huduma kama hiyo ndani yavyo.

Jambo moja dogo huwatatiza wengi. Sauti ya programu hizi ikiwa imewekwa katika Kiingereza, insha ya Kiswahili husomwa kwa matamshi yasiyoeleweka. Mtoto hudhaniwa kuwa ameshindwa kuitumia tarakilishi, kumbe kinachohitajika ni kuchagua sauti ya Kiswahili, ambayo imo katika NVDA.

Walakini kusikiliza si kusoma. Anayetegemea sauti pekee hajui neno limeendelezwaje wala koma imewekwa wapi. Hesabu zenye alama nyingi na michoro ya sayansi humpita, kwa hivyo atahitaji michoro ya kupapasa na abakasi. Isitoshe, akivaa vipokea sauti katika masikio yote mawili hamsikii mwalimu. Avae katika sikio moja.

Kuna vifaa vidogo vya kidijitali, mathalan Orbit Reader 20, ambavyo hupokea vitabu kwenye kadi na kuvionyesha kwa nukta zinazoinuka na kushuka, seli 20 kwa wakati mmoja. Faida yake ni kwamba kitabu ambacho kingejaza juzuu kadhaa nene za breli huingia katika kadi moja ndogo.

Jibu la busara basi si kuchagua kimoja na kuvitupa vingine. Mwanafunzi wa shule ya msingi ajenge kwanza msingi wa breli kwa kibao na mashine. Akikaribia gredi za juu afunzwe kupiga chapa bila kutazama, kisha tarakilishi ya sauti. Atakapofika chuoni atachagua mwenyewe kila siku: breli kwa hesabu na hotuba, sauti kwa vitabu virefu.

Kenya haianzii patupu katika jambo hili. Shirika la inABLE lilianza mnamo 2009 kuwafunza tarakilishi wanafunzi wasioona katika shule ya msingi ya vipofu ya Thika. Kampuni ya eKitabu hutayarisha vitabu vya kidijitali vinavyoweza kusomwa na wenye ulemavu, vikiwemo vya lugha ya ishara. Aidha, mnamo 2017 Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli au sauti kwa ajili ya wasioona bila ya kuvunja haki za waandishi.

Sikio halirudishwi na kifaa

Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti, lakini hukuza sauti zote: ya mwalimu, ya viti vinavyoburutwa na ya mvua juu ya mabati. Ndiyo maana mtoto aliyefanya vyema katika chumba tulivu cha mpimaji huonekana kana kwamba hasikii lolote darasani.

Kifaa cha aina hii hufanya kazi vyema msemaji akiwa karibu, mita moja au mbili hivi. Shule inayoweza kumudu maikrofoni ndogo ambayo mwalimu huivaa na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto itakuwa imemsaidia mno. Isiyoweza na ianze na kiti cha mbele, mbali na mlango, na mwalimu asiyezungumza huku ameupa mgongo darasa.

Kila asubuhi mwalimu anaweza kufanya jaribio lisilozidi dakika moja. Asimame mahali ambapo mtoto haoni midomo yake, kisha atamke sauti sita: aa, uu, ii, sh, s na m. Mtoto arudie kila anayoisikia. Asiposikia zile ambazo jana alizisikia, huenda betri imekwisha au nta ya sikio imeziba kijibomba. Betri ndogo za vifaa hivi hudumu wiki moja au mbili hivi, na umbo la sikio la mtoto hubadilika anapokua, kwa hivyo kile kipande kinachoingia sikioni lazima kibadilishwe mara kwa mara. Kikilegea, huanza kupiga mbinja.

Kuna mtoto ambaye hata kifaa chenye nguvu hakitamfaa, kwa kuwa ni kiziwi kabisa. Huyo hahitaji kifaa kikubwa zaidi, anahitaji lugha. Kila mwaka unaopotea tukingoja kifaa kifanye muujiza ni mwaka ambao angalijifunza Lugha ya Ishara ya Kenya, akauliza maswali na kuchekesha wenzake kama watoto wengine.

Viungo na usemi

Wafadhili hupenda kutoa viti vya magurudumu kwa kuwa hupendeza pichani. Hata hivyo, mwongozo uliotolewa na WHO mnamo 2008 unautaja utoaji wa kiti kuwa kazi ya hatua nane: rufaa, tathmini, uandikaji wa kinachohitajika, ufadhili na uagizaji, utayarishaji, kukalishwa na kurekebishiwa, mafunzo, na ufuatiliaji pamoja na matengenezo. Kukabidhi kiti hadharani na kupiga makofi hakumo katika orodha hiyo.

Sababu ni bayana. Mtoto akikalishwa katika kiti cha mtu mzima huegemea upande mmoja, na kadiri miezi inavyopita uti wa mgongo wake hupinda. Asiyehisi maumivu katika makalio huweza kupata vidonda hatari akikosa mto maalum. Na iwapo mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti, mtoto huyo ataacha kunywa maji ili asihitaji kwenda haja, kisha mwalimu ashangae kwa nini anasinzia adhuhuri.

Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, APDK, ambacho kilianzishwa mnamo 1958, ni miongoni mwa wanaotengeneza viti humu nchini. Kiti kilichotengenezwa nchini kina faida moja ambayo haionekani dukani: vipuri vyake hupatikana, na gurudumu lake likitoboka fundi wa baiskeli huliziba.

Kwa mtoto asiyeweza kuzungumza, kifaa cha kwanza ni ubao wa mawasiliano. Huu ni ukurasa wenye picha, maneno au herufi ambazo yeye huzionyesha kwa kidole, kwa ngumi au hata kwa macho. Waweza kuchorwa kwa mkono na kufunikwa kwa plastiki. Akiumudu, ndipo kibao cha kidijitali kinachotamka maneno huweza kufikiriwa.

Wazazi wengi huhofia kuwa mtoto akizoea picha hatajitahidi kusema. Tafiti zilizofanywa kuhusu suala hili hazijaithibitisha hofu hiyo. Baadhi ya watoto huongeza maneno. Lililo muhimu ni kwamba watu wazima nao wautumie ubao huo wanapozungumza naye. Hakuna mtoto anayejifunza lugha ambayo haoni mtu mwingine akiitumia. Vilevile, ubao usiwe na "maji", "choo" na "chakula" pekee. Uwe pia na "sitaki", "naumwa", "nani amenipiga" na "nina swali".

Wapo pia wanafunzi ambao tatizo lao halionekani kwa macho, yaani wenye ugumu mahsusi wa kusoma na kuandika licha ya akili timamu. Hawa hunufaika kwa rula ya kufuatia mistari, matini yanayosomwa kwa sauti na muda wa ziada. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, programu ya kusomea iwekwe katika kibao cha shule na kitumike chini ya usimamizi wa mwalimu.

Ajaribu kabla ya kununuliwa

Utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 1993, ambao uliwahusisha watu wazima 227 wenye ulemavu, ulibaini kwamba asilimia 29.3 ya vifaa walivyopata vilikuwa vimeachwa kutumika. Sababu zilizohusishwa na hali hiyo ni kupuuzwa kwa maoni ya mtumiaji, kifaa kupatikana kwa urahisi mno, utendakazi wake duni, na mahitaji ya mwenyewe kubadilika.

Wahenga walikwisha kulisema hilo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto wa miaka minane anajua kifaa kinamfinya wapi na wenzake wanamcheka kwa lipi. Aulizwe, na jibu lake liandikwe kwenye ripoti pamoja na la daktari.

Inapowezekana, kifaa kiazimwe kwa muda wa wiki nne hadi sita kabla ya kununuliwa. Kabla ya majaribio, mwalimu apime kazi ile iliyotajwa mwanzo: maneno mangapi mtoto huandika kwa dakika kumi kwa kalamu, na makosa mangapi. Baada ya majaribio apime tena kwa kifaa. Wiki ya kwanza matokeo huweza kuwa mabaya kuliko ya kalamu, na hiyo ni kawaida ya kujifunza. Lakini yakiwa yangali mabaya wiki ya sita, kifaa hicho si chake.

Siku ya kwanza darasani

Kifaa kipya na somo jipya visiletwe siku moja. Mwanafunzi anayejifunza kutumia tarakilishi ya sauti na afanye hivyo kwa hadithi anayoifahamu tayari, ili akili yake ishughulike na jambo moja.

Mwalimu asomee kifaa hicho kabla ya mtoto. Tena wasiwe mwalimu mmoja, wawe wawili au zaidi. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humhamisha mwalimu wakati wowote, na mara nyingi maarifa yote ya kifaa huondoka naye kwa gari moja.

Wanafunzi wengine nao waelezwe. Waruhusiwe kuishika mashine ya breli na kuandika majina yao, au kuketi kwenye kiti cha magurudumu mwenyewe akikubali. Udadisi ukishibishwa siku ya kwanza, kejeli hupungua.

Kisha kifaa kitumike kila siku, katika masomo halisi. Mwalimu mkuu anayekifungia ofisini kwa kuhofia kisivunjike ana hofu inayoeleweka, walakini kifaa kisichotumika kimeshapotea tayari. Shule iamue mapema, kwa maandishi: ni nani anayekitunza, kinachajiwa wapi, je, kinaenda nyumbani likizoni, na kikivunjika ni nani wa kulipa. Mzazi maskini akidhani kuwa ni yeye, atamwomba mwalimu akiweke kabatini.

Bei si ile iliyo kwenye risiti

Bodi nyingi hulinganisha bei za madukani na kusahau gharama za baadaye: betri, karatasi nzito za breli, mipira ya magurudumu, leseni za programu, mafunzo na usafiri wa kumpelekea fundi. Kifaa cha bei ya chini ambacho vipuri vyake haviko Afrika Mashariki kinaweza kuwa ghali kuliko vyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kutia saini, bodi imuulize muuzaji maswali matatu. Ni nani atakayekitengeneza humu nchini? Kwa muda gani? Mtoto atatumia nini kifaa kikiwa kwa fundi? Muuzaji asiye na majibu hastahili hundi.

Mzazi aanzie wapi?

Mlango wa kwanza ni kituo cha tathmini ya elimu kinachojulikana kama EARC. Huduma hizi zilianza mnamo 1984 kwa msaada wa Denmark, na vituo vyake viko katika kaunti mbalimbali. Visa vigumu zaidi huweza kupelekwa katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani jijini Nairobi. Taasisi hiyo, ambayo ilianzishwa mnamo 1986, huwafunza walimu na ina kituo cha tathmini.

Mlango wa pili ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto akishapimwa katika hospitali ya umma na kusajiliwa, mzazi au shule yaweza kutuma ombi la kifaa kwa hazina inayosimamiwa na baraza hilo. Ombi linaloeleza kazi mahsusi ambayo kifaa kitafanya lina uzito kuliko lile linalosema tu kwamba mtoto ni mlemavu.

Mlango wa tatu ni Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, ambalo hutayarisha karatasi za breli na za maandishi makubwa na kuwapa watahiniwa wa aina hii muda wa ziada. Shule na itoe habari hizo mapema, wakati wa usajili, ikiambatanisha ripoti ya tathmini. Na mtahiniwa awe amezoea kifaa chake muda mrefu kabla ya hapo. Chumba cha mtihani si mahali pa kujifunza kutumia mashine.

Hatimaye, uamuzi uliofanywa leo usichukuliwe kuwa wa milele. Mtoto hukua, macho hubadilika, masomo huwa magumu na teknolojia mpya huingia sokoni. Angalau mara moja kwa mwaka, mwalimu, mzazi na mwanafunzi waketi pamoja na kuuliza upya yale maswali manne.

Na wakiketi, waanze kwa kulifungua lile kabati. Huenda kifaa anachokihitaji mtoto wa darasa la pili kimo humo tangu alipokihama mwenzake wa darasa la sita, kikingoja betri mbili na mtu wa kukifuta vumbi.